Ndugu katubu mbele ya ibada, hela ya kikoba hairudi. Toba inaishia kwenye machozi?

mama_wa_watatu:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanisumbua toka mwaka uanze, naomba tusaidiane maana jumuiya yetu imegawanyika na mimi ndio mwenyekiti, kila mtu ananiangalia mimi.

Jumuiya yetu ya mtaa tuna kikoba, tunakutana Jumamosi jioni, tukimaliza neno na maombi ndio tunafungua sanduku. Mweka hazina ni ndugu ambaye tunampenda sana, ndiye anaongoza nyimbo, ndiye wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Sasa kilichotokea, watu waliokuwa wanarejesha mkopo katikati ya wiki walikuwa wanamtumia kwenye simu yake ili Jumamosi aziweke sandukuni, zingine akawa haweki. Tumekuja kugundua Desemba wakati wa mgao, tulipolinganisha leja na vitabu vya wanachama ikakosekana 1,860,000.

Hakukataa. Tena Jumapili iliyofuata akasimama mwenyewe mbele ya ibada, akalia, akasema nimemkosea Mungu, mchungaji akamwombea, tukamkumbatia. Kwa kweli na mimi nililia maana mwanaume mzima kusimama vile sio jambo dogo.

Tatizo limeanza baada ya hapo. Habari ya hela hajagusia mpaka leo. Ukiuliza unaambiwa mama mwenyekiti yule alishatubu, Mungu alishafuta, wewe unafukua ya nini. Na kuna mama mmoja anauza chai na maandazi stendi, mgao wake wote alikuwa amempangia mtoto anayeingia fomu wani, akapata pungufu ya nusu, mtoto kaenda kuripoti bweni bila godoro. Huyo mama ameacha kuja jumuiya. Hajagombana na mtu yeyote, ameacha tu.

Jumamosi iliyopita somo lilikuwa Yohana 14, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu". Tumeimba vizuri, tumeomba vizuri, alafu nikaangalia kile kiti cha mama wa maandazi kiko wazi, nikashindwa hata kusema amina.

Sitaki kumhukumu mtu. Nauliza kweli kabisa: mtu akishatubu kwa machozi, kurudisha alichochukua ni sehemu ya kumpenda Mungu au ni mambo yetu ya kibinadamu tu? Na sisi tukidai, tunakuwa tumekataa kusamehe?

mjoli_wa_msalaba:

Shalom mama. Mi nitasema wazi. Damu ya Yesu inatosha. 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita, tazama yamekuwa mapya. Tukianza kusema mtu hajasamehewa mpaka alipe tutakuwa tumerudi kwenye dini ya kununua msamaha, na mi nimetoka huko, nimeona watu wamebebeshwa mizigo mpaka wakakata tamaa na wokovu wenyewe. Yule mwizi pale msalabani hakurudisha hata senti moja na jioni yake alikuwa peponi. Msameheni ndugu yenu, hela Mungu atafidia kwa njia nyingine.

mwalimu_wa_zamu:

Mjoli nakuheshimu, ila yule wa msalabani mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, alikuwa hawezi kurudisha kitu hata angetaka. Huyu ndugu wa kikoba yupo mzima, anatembea, anafanya kazi.

Msome Zakayo mtoza ushuru, Luka 19, mara hii msiharakishe. Yesu hakumdai kitu. Hakumwambia lipa kwanza ndipo niingie kwako, alisema shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, neema imetangulia kabisa hapo. Ni Zakayo mwenyewe kasimama katikati ya wageni akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Baada ya hapo ndio Bwana anasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Na hiyo mara nne haikutoka hewani. Torati ilikuwa na viwango viwili. Hesabu 5:6-7, mtu akiungama mwenyewe anarudisha alichochukua chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kutoka 22:1, mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, huyo analipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alikuwa ameungama kwa hiari, angeweza kudai ile ya nafuu na hakuna mwalimu wa sheria angempinga, lakini akajiwekea kiwango cha mwizi aliyeshikwa. Hakuna aliyemlazimisha. Mi nikisoma pale naona mtu aliyependwa ghafla baada ya miaka mingi ya kuchukiwa na mji mzima, na anatafuta kwa nguvu zake zote namna ya kurudisha upendo, na njia aliyoiona ni kwenda kwenye milango ya wale aliowanyang'anya.

Angalia na upande wa pili, 1 Samweli 15. Mfalme Sauli aliamriwa aangamize mifugo yote ya Waamaleki akabakiza iliyo mizuri, naye alisema nimetenda dhambi, alisema kwa mdomo wake, tena mara mbili. Lakini mstari wa 30 anamwambia Samweli, "uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu". Yaani kinachomuuma ni heshima yake. Kondoo na ng'ombe wa Waamaleki bado wanalia nyuma ya hema na yeye anaongelea ibada. Sasa mama, simsemi ndugu yenu kwamba ni Sauli, simjui. Nasema tu machozi peke yake hayatoshi kutuonyesha mtu ametubu kwa namna gani, mpeni nafasi afike mpaka mlangoni kwa watu.

mjukuu_wa_Kashasha:

Bwana asifiwe sana. Hili jambo limenigusa maana nimelelewa na bibi ambaye alikuwa ndugu wa Uamsho, Bukoba huko, na kwao hili swali lisingekaa hata wiki moja.

Kwa wasiojua, Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Waanglikana. Kulikuwa na daktari Mwingereza Joe Church, mwaka 1929 alikutana Kampala na Mganda mmoja Simeoni Nsibambi, wakakaa wanasoma Biblia pamoja na kuomba, wote wawili wakiwa wamechoka na ukristo wa jina. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu pale Gahini, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto ulikuwa umeshashika, ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Buhaya ukafika mwishoni mwa miaka ya 1930. Askofu Kibira wa Kilutheri, yule aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alitokea kwenye watu hao.

Alama yao kubwa ilikuwa hii: mtu akiokoka, kesho yake anaanza kutembea kurudisha. Wengine walirudisha vitu vya hospitali walivyokuwa wamebeba kidogo kidogo, wengine ng'ombe, wengine hela za mwajiri, watu wakaenda hadi kwa maafisa wa serikali ya kikoloni kulipa kodi walizokwepa na maafisa wakabaki wanashangaa tu. Na haikuwa hela peke yake. Wazungu wa misheni walisimama wakaungama mbele ya Waafrika kwamba tumewadharau. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, ambaye amefundisha pia Dodoma kwetu hapa, alipookoka alipanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia moyoni.  Festo hakuona namna ya kusema nampenda Mungu huku amemfungia mlango mtu.

Bibi alikuwa na msemo wao wa ndugu, kutembea nuruni. Yaani kosa likifanyika gizani linaletwa kwenye mwanga, kwa Mungu na kwa mtu uliyemkosea, kwa jina lake na kwa kiasi chake. Ukisimama ukasema tu jamani mimi ni mwenye dhambi mniombee, ndugu walikuwa wanakuuliza kwa upole, ndugu dhambi ipi, na nani ameumia? Haikuwa ukali, niliwaona wakiuliza huku wamekushika mkono. Mi nadhani kwenye ibada zetu za siku hizi hilo swali limepotea. Mtu anasema nimemkosea Mungu, muziki unapanda, mchungaji anaomba, imeisha. Na aliyeumia amekaa benchi la nyuma hajatajwa hata jina.

Mama mwenyekiti, ndugu yenu kasema "nimemkosea Mungu". Je amewahi kwenda stendi kwa mama wa maandazi akamwambia mama nimekukosea wewe?

mama_wa_watatu:

Hajaenda. Nimemuuliza mwenyewe yule mama jana, amesema ndugu akimwona stendi anapita upande mwingine wa barabara.

binti_wa_parokia:

Tumsifu Yesu Kristo. Mi ni Mkatoliki naomba nichangie kidogo kwa upande wetu. Kwenye Kitubio kuna majuto, kuna kuungama, na kuna malipizi. Padre akishakuondolea dhambi ni kweli imeondolewa, hakuna anayebisha, lakini Katekisimu namba 1459 inasema wazi kwamba maondoleo hayatengenezi uharibifu wote ambao dhambi imeusababisha, na mfano wa kwanza kabisa inaoutoa ni kurudisha vitu vilivyoibwa, inasema ni haki ya kawaida tu.

Hilo la haki ya kawaida lilinisaidia sana. Mimi nilikuwa nadhani kurudisha ni kitu cha watakatifu wakubwa. Kumbe hapana, huko ndiko kuanzia.

Na samahani mjoli, kuhusu "Mungu atafidia kwa njia nyingine", mi naomba tuwe makini na hayo maneno. Yule mtoto analala bwenini bila godoro na njia ambayo Mungu ameshaiweka ipo, ni huyo ndugu.

mjoli_wa_msalaba:

Nimewasoma wote vizuri na nimekaa na hili tangu jana. Mjukuu wa Kashasha hiyo habari ya kuuliza nani ameumia imenipata, sina cha kuipinga. Nakubali mtu mwenye uwezo akinyamaza kuna shida.

Lakini bado nina wasiwasi wangu na naomba msiupuuze. Vipi kama hana? 1,860,000 sio hela ndogo kwa mtu anayeishi kwa vibarua. Mi nimeshuhudia mtu amebanwa na kikundi mpaka akauza kitanda, akahama mji usiku, na wokovu akauacha huko huko. 1 Yohana 5:3 inasema huku ndiko kumpenda Mungu, kwamba tuzishike amri zake, wala amri zake si nzito. Si nzito! Mkimpelekea huyu ndugu utii kama barua ya mahakama mtakuwa mmeifanya nzito. Kuna huzuni ya aina mbili, Paulo kazitofautisha 2 Wakorintho 7, moja inaleta toba na nyingine inaleta mauti. Petro alilia, Yuda naye alijuta, tena Yuda alirudisha zile fedha zote thelathini! Alirudisha na bado akaenda kujinyonga, kwa sababu aliwarudishia makuhani lakini hakurudi kwa Yesu. Kwa hiyo hela kurudi peke yake nayo sio toba jamani.

mwalimu_wa_zamu:

Mjoli hapo kwenye Yuda umenifundisha kitu, sikuwahi kuangalia hivyo. Na ona Petro, pale ufukweni Yohana 21, Bwana hakumuuliza kwa nini ulinikana, alimuuliza wanipenda? Mara tatu. Na kila akijibu anapewa kazi ya watu, lisha kondoo zangu. Kumpenda Bwana na kuwaangalia watu wake vilikwenda pamoja palepale.

fundi_wa_hesabu:

Habari za humu. Mi sio mhubiri, kazi yangu ni vitabu vya hesabu na nimekaa na vikundi vingi vya kukopeshana, vya kanisani na visivyo vya kanisani, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua.

Kwanza andikeni. Watu wa kanisa wanaogopa kuandika wanaona kama ni kukosa imani, matokeo yake deni linabaki midomoni, leo ni 1,860,000, mwezi wa sita wengine wanasema milioni mbili na nusu, wengine wanasema laki nane. Kuandika kunamlinda huyo ndugu kuliko mtu mwingine yeyote. Paulo mwenyewe aliandika, barua ya Filemoni, kuhusu Onesimo mtumwa wa Filemoni, "kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu... mimi nitalipa". Hakusema Filemoni sahau, yeye sasa ni mtakatifu. Alisema deni lipo, liandike, ila mbebaji ni mimi. Kwa hiyo mjoli swali lako la vipi kama hana lina jibu humo humo: kama kweli hana, wanaompenda wabebe naye. Wale wanaosema mama mwenyekiti anafukua, wawe wa kwanza kutoa elfu kumi kumi zao. Nasema hivyo kwa nia njema kabisa.

Pili tofautisheni kusamehe na kufuta deni. Kikundi kinaweza kumsamehe leo, asubuhi hii, kikale naye, kikaomba naye, kisimsengenye, na bado akalipa elfu hamsini kila mwezi. Havigombani. Na kufuta deni la mama wa maandazi ni haki ya mama wa maandazi peke yake. Mimi siwezi kusamehe hela ya mtu mwingine alafu nijisikie nina upendo, huo ni upole wa mfuko wa jirani.

Tatu, akianza kulipa aanze na wadogo. Msigawe kila mwenye madai apate elfu mbili mbili, aanzwe yule ambaye pengo limemuumiza zaidi. Na sanduku mlirudishe kwenye utaratibu, funguo tatu kwa watu watatu, marejesho yasiende kwenye simu ya mtu mmoja tena. Mliweka hela za watu 20 na zaidi kwenye simu ya mtu mmoja mwenye shida zake na hamkuangalia leja mwaka mzima, kikundi nacho kina lake la kutengeneza hapo.

mama_wa_watatu:

Wapendwa Mungu awabariki mno. Nimesoma kila kitu, zingine nimezisoma mara mbili usiku. Hilo la kikundi kuwa na lake nimelipokea, ni kweli hatukuangalia.

Niwape mrejesho. Jana jioni nilikwenda kwake na mzee mmoja wa kanisa, sikwenda na daftari. Tulikula, tukaomba, alafu nikamuuliza kama mjukuu wa Kashasha alivyosema, ndugu nani ameumia? Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe ndiye aliyeanza kulia, hakuwa anajua kiasi chote, alikuwa anajua laki tatu tu. Ndugu akasema toka siku ile ya kusimama kanisani hajawahi kulala vizuri, kwamba alidhani akishatubu mbele za watu amani itakuja, na haikuja, na akawa anaogopa kuuliza kwa nini maana wote tulikuwa tunamwambia imeisha. Hapo nilisikia uchungu, maana na sisi tulimwambia imeisha kwa haraka ili tusiendelee kuumia.

Hela ilienda kwenye matibabu ya baba yake kijijini, nyingine kwenye biashara ya mbao iliyokufa. Ana pikipiki ambayo dereva anamletea hesabu kila wiki. Akasema mwenyewe, bila sisi kutaja, kwamba hesabu ya wiki nne zinazokuja haitaingia kwake, iende kwa mama wa maandazi moja kwa moja, na kwamba Jumamosi kabla ya jumuiya atakwenda stendi yeye na mkewe.

Sasa nina swali moja limebaki na kamati inalizungumzia leo. Wakati analipa, aendelee kuongoza nyimbo au akae kwanza? Wengine wanasema akikaa ni kumuaibisha, wengine wanasema akiendelea ni kama hakuna kilichotokea.

mjoli_wa_msalaba:

Namshukuru Mungu kwa hii habari, kwa kweli. Mi naona aendelee. Uimbaji ndio unamshika, mkimtoa pale mnaweza kumpoteza. Na naomba, kama kuna namba ya mweka hazina mpya, nitumieni inbox, nina kidogo nataka kuweka kwenye hilo deni lake.

binti_wa_parokia:

Mi ningesema apumzike kidogo, sio kama adhabu. Mathayo 5, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako, kisha urudi uitoe. Inasema urudi. Kwa hiyo nafasi yake mwekeeni.

mjukuu_wa_Kashasha:

Mama, kamati isiamue hilo leo. Subirini Jumamosi wakitoka stendi. Kama mama wa maandazi atakubali kurudi jumuiya, muulizeni yeye, kwa faragha, bila kumbana, kama yupo tayari kuimba nyuma ya huyu ndugu. Akisema bado, basi bado, na ndugu akae benchi moja na sisi wengine aimbe kutokea hapo. Akisema ndiyo, hakuna kamati yenye haki ya kumzuia.